Kompyuta Kando ya Cherehani

Kaka yangu,

Huku wazima, ila goti la mama. Shemeji yako bado ananung'unika kwamba kompyuta yangu inanguruma kushinda cherehani.

Umeuliza kwa nini nilikataa ruzuku. Wafadhili wa mtandao wetu wa blokucheni, lile daftari la miamala linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, wanatulipia umeme sisi wahakiki wa miamala, mradi kompyuta zikae jengoni kwao. Mkahamia karibu wote, wewe ukiwemo. Juzi jengo likazimika, mtandao mzima ukalala. Yangu ilibaki macho, lakini peke yake haihakiki kitu. Lazima nyingi zikubaliane.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na hawa wala si ndugu. Nawarudisha wenzetu mmoja mmoja. Fundi viatu na mkunga wameshabeba zao nyumbani.

Yako nimeiachia nafasi kando ya cherehani. Usipoileta, nitaifuata mwenyewe.

Dada yako, mbishi yuleyule