Mashine ya Kunyolea Uliyoiagiza

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko nywele ninazofagia saluni kila nikifunga. U hali gani huko? Sisi huku tu wazima. Wifi yako anakusalimu na anasema lile gauni ulilomwahidi kumshonea bado analisubiri, hata kama atalivaa akiwa bibi. Watoto wanamuulizia shangazi yao kila nikishika simu. Yule wa mwisho ameng'oka meno ya mbele, sasa akicheka tunamwona mpaka kooni. Kazi inakwenda. Vichwa haviachi kuota nywele, namshukuru Mungu kwa hilo.

Najua unashangaa barua ya nini zama hizi, na simu tunazo. Kwenye simu wewe huwezekani, dada. Nikianza neno zito unacheka, unaniuliza kama nimekula, na ghafla mazungumzo yamekwisha na mimi ndiye niliyejieleza. Karatasi huwezi kuikatiza. Kaa mahali penye mwanga, usome taratibu.

Nianze na aibu yangu, ucheke kidogo. Wifi yako amenikalia kooni kwa sababu ya manunuzi ya mtandaoni. Anasema ile simu imeniroga. Sikuwa na pa kukimbilia, maana chini ya kitanda alitoa taa ya kuvaa kichwani kama ya wachimba madini, mkanda wa kutetemesha tumbo (tumbo lipo, mkanda ndio uliokufa), na viatu viwili, vyote vya mguu wa kushoto. Alivipanga juu ya kitanda kama maonyesho, akaniuliza kama mume wake ana akili timamu au aanze kutafuta msaada. Nikaapa kwamba nitaandika kila nilichowahi kuagiza, nione kwa macho yangu ugonjwa huu unaanzia wapi.

Nina mteja mmoja, karani, mwenye upara wa utosini ambao hutaka niunyoe kana kwamba haupo. Yeye ndiye aliyenifundisha kutengeneza jedwali kwenye ile kompyuta kuukuu tunayopigia muziki. Mistari inashuka chini, safu zinakwenda pembeni: kitu gani, kimeagizwa lini, kimetumika au kimelala. Alinionyesha kwamba nikibonyeza mahali fulani, kompyuta yenyewe inavikusanya vinavyofanana vikae pamoja. Jamani, nilifurahi kama mtoto! Wiki ile wateja walikaa kitini wakiwa wamenyolewa nusu, wakinisubiri nimalize kubonyeza.

Sasa nilipofungua orodha ya oda kwenye lile duka la mtandaoni, nikakuta na zako. Unakumbuka, akaunti ni moja. Uliifungua wewe kwa namba yako, enzi simu yangu haikuwa na uwezo, ukasema tuitumie wote na kila mtu alipie chake. Miaka yote hii mimi nilikuwa nasubiri tu ujumbe kwamba mzigo wangu umefika, orodha sikuwahi kuipitia. Basi nikaongeza safu moja, nikaiita "ya nani". Nia yangu ilikuwa nizitenge zako nizifute, maana mambo yako hayanihusu. Nikabonyeza, na zako zote zikapanda juu, zikakaa pamoja.

Mwanzoni nilicheka, Mungu anisamehe. Pipi za tangawizi, pakiti juu ya pakiti. Beseni dogo lenye mfuniko. Sabuni isiyo na harufu. Nikamwita wifi yako, nikamwambia dada ana mimba, kwa umri ule, na ametuficha! Yeye hakucheka. Alivuta kiti, akaanza kushuka na kidole: vitambaa laini vya pamba vya kufunga kichwani, mswaki wa mtoto mchanga, mafuta ya midomo, kipimajoto. Kisha akaniuliza kama nimeona cha mwisho. Kilikuwa mashine ya kunyolea.

Sikufichi, nilikasirika. Nilisema nina mashine ukuta mzima, riziki yangu ni vichwa vya watu, na dada yangu wa tumbo moja anaagiza mashine ya plastiki kwa mtu asiyemjua! Nililalamika mpaka nikasikia sauti yangu peke yake chumbani. Wifi yako alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, na machozi yanamtoka.

Najua, dada. Nimeshaitwa wodini mara nyingi kuwanyoa wanaotiwa zile dawa kali za saratani. Muuguzi ndiye aliyenieleza kwamba harufu yoyote huwachefua, kwamba fizi zao huvuja damu hivyo mswaki uwe laini kabisa, na kwamba wembe usiguse kichwa. Beseni nimeliona pembeni ya kila kitanda. Kimoja kimoja, vitu vyako visingeniambia chochote. Vilipokaa pamoja viliniambia yote.

Hapo na mengine yakaja. Kamera ya simu yako iliyoharibika tangu mvua zilipoanza. Nyumba yako iliyokuwa inapakwa rangi nilipotaka kuja likizo, na mpaka leo rangi hiyo haijakauka. Sauti yako inavyochoka katikati ya maneno, ukasema ni mafua. Yote nikayameza, kwa sababu yametoka kwako. Wahenga wana methali yao juu ya mficha maradhi. Unaijua, na mkono wangu umekataa kuiandika.

Sasa niseme lililonikaa rohoni. Mama alipougua uliufunga mlango wa chumba chake. Mimi nilikuwa hata kusoma sijajua. Uliniambia amelala, nisimwamshe, nami nikakaa sakafuni nje ya mlango ule, namsikia akikohoa, na bado naamini amelala, kwa kuwa wewe ndiye uliyesema. Siku mlango ulipofunguliwa nyumba ilikuwa imejaa watu na mama hakuwepo. Sikulaumu, dada. Ulikuwa msichana mdogo, ukaubeba mzigo ule peke yako, kisha ukanibeba na mimi. Uliniita Mkia kwa kuwa sikukuacha hata hatua moja. Uliwahi kuninyoa kwa mkasi wako wa kushonea, ukaniacha na mabaka kichwa kizima, shule nzima ikanicheka. Nadhani ndipo nilipouanza ukinyozi. Lakini mama sikumuaga. Mpaka leo nikiona mlango wa chumba umefungwa mchana, moyo unanienda mbio. Naogopa kwamba unaufunga tena.

Sijui kama ulisahau kwamba orodha ile naweza kuiona. Au hukusahau, ukaiacha kwa makusudi, kwa kuwa mdomo ulishindwa. Vyovyote iwavyo, nimeona, na siwezi kujifanya sikuona.

Mistari yako sikuifuta. Nimeongeza mmoja chini yake: tiketi ya basi, ya kuja huko. Kwenye safu ya "ya nani" nimeandika "yetu". Ya kurudi sijanunua. Saluni nimemwachia mwenzangu wa kiti cha pili, na karani na upara wake watajuana naye. Nitakuwa kwako Jumamosi, Mungu akipenda. Usipike, usifagie, na kitambaa usijifunge kwa ajili yangu.

Na ile mashine usiitumie, nakuomba. Naijua aina hiyo, inapata moto upesi na meno yake yanauma, ngozi yako kwa sasa haitaiweza. Kama nywele zimeanza kutoka ziache tu. Nakuja na yangu ndogo isiyo na kelele, ile ninayokwenda nayo wodini. Nimeisafisha na kuitia mafuta. Nitakunyoa mimi, polepole, na ukitaka kulia utalia, mimi nitangoja. Mabaka hayatakuwepo.

Wifi yako amesema gauni ulifute moyoni, wewe tu upone. Watoto bado hatujawaambia. Nilitaka kwanza nikuulize wewe, lakini ujue kwamba sipendi wakae nje ya mlango kama nilivyokaa mimi.

Mwanzo wa barua nilikuuliza u hali gani, kama barua zote zinavyouliza. Sasa nakuuliza kweli. Usiniandikie jibu, wala usinipigie ukanichekea. Nikibisha hodi Jumamosi, nifungulie.

Ni mimi mdogo wako,

Mkia