Penalti za Kushoto

Kwako dada, golikipa wa taifa na mpika chai mbovu,

Huku sote wazima. Mama ameianika jezi yako ya zamani mbele ya nyumba ili majirani waione. Redio nimeitengeneza mwenyewe, inashika kuliko ya fundi, na Jumapili mtaa mzima utakuja kusikiliza mechi. Wanasema timu yenu haijawahi kuwafunga wapinzani hawa tangu iundwe, ni kufungwa au sare tu. Nimewaambia safari hii dada yangu yuko golini, wafunge midomo.

Nikajisifu pia kwamba ulipokuja likizo nilikufunga penalti uani. Katikati ya kusimulia nikagundua jambo. Zote nilizofunga zilipita kushoto kwako, za kulia ulizidaka zote. Ulisema umenionea huruma. Wewe dada, lini ulinionea huruma? Ndipo nikakumbuka ulivyoshuka ngazi umeshika ukuta, na bandeji ya goti uliyoniambia ni fasheni.

Najua ukisema utawekwa benchi, na mechi hii umeisubiri miaka. Lakini goti hilo likiharibika Jumapili hutadaka tena, hata mashuti yangu.

Mama sijamwambia. Mlinzi wa kambi yenu hataniruhusu kuingia, kwa hiyo barua hii nampa daktari wa timu hapo langoni akuletee, na nitamwomba asiondoke hadi umalize kuisoma.

Yuko hapo mbele yako. Mwonyeshe goti.

Mdogo wako,
mfungaji bora wa uani