Mbuzi wa Njia ya Kinkondja

Kamina, Jumamosi, Julai 1956

Nimewaficha watu sababu ya kifo cha Musa, mdogo wangu, na sasa naogopa kufa kabla sijaisema.

Kesho mwanangu Petelo ataongoza walimu wenzake kwenda Kinkondja kwa pikipiki. Bado wanafuata sheria niliyoweka zamani nilipokuwa nikiongoza safari hizo mimi: kiongozi akiinua mkono, wote wasimame mara moja. Jioni nilimwomba waachiane nafasi kubwa, maana vumbi ni jingi. Alicheka.

"Tata, njo ile mbuzi yako tena? Ikipita tutaikula. Weye lala tu."

Mbuzi. Siku ya mazishi niliwaambia watu kwamba mbuzi alikatiza njia, nikainua mkono, Musa aliyekuwa nyuma yangu akafunga breki, na aliyemfuata akamgonga. Wote waliniamini. Tangu hapo vijana huchunga vichaka, lakini hawachungi mikono yao. Petelo humpungia kila anayemjua njiani, na anajua watu wengi mno.

Nikinyamaza tena, kesho nitaketi hapa nikisubiri sauti ya injini, na kama zitarudi pungufu...

Nimemwita. Namsikia akitafuta viatu. Naandika kwanza nitakayomwambia, woga usije ukanifunga mdomo.

Njia ilikuwa nyeupe, hakukuwa na mbuzi. Mama mkwe wangu alikuwa amesimama kando, nami niliinua mkono ili nimvulie kofia.