Saa ya Kuzaliwa Neema

Jumatatu, 13 Oktoba

Mashine ya figo tena. Sindano mbili mkononi, damu inatoka, inasafishwa, inarudi. Nimesinzia, nimeamka, bado.

Leo Bwana Park, Mkorea wa kiti cha jirani, alikataa kuchomwa. Mtu wa mapokezi alikuwa ameandika majina yetu ubaoni kwa kalamu nyekundu. Kwao jina la mtu aliye hai haliandikwi kwa wekundu. Huo ni wa marehemu. Marisel, muuguzi wetu Mfilipino, hakubishana. Alifuta yote, akaandika upya kwa nyeusi.

Nilitaka kucheka. Nimefundisha hesabu Bukoba miaka thelathini na nne. Majina ya watoto wangapi nimeyaandika kwa nyekundu? Halafu nikajikuta nimefurahi kwamba na langu limefutwa. Nimejidharau kidogo.

Zimebaki siku arobaini kabla ya harusi ya mjukuu wangu Neema. Hesabu hiyo siipendi.

Jumatano, 15 Oktoba

Daktari anasema moyo umechoka. Hakutaja muda. Sikuuliza. Basi niandike hapa, maana mdomo umenishinda.

Nilidanganya saa ya kuzaliwa Neema.

Mwezi wa pili Kusum alinipigia simu kutoka Houston. Ni bibi yake Nikhil, mchumba wa Neema. Mgujarati mzaliwa wa Mwanza. Kiswahili chake hakijachuja. Aliuliza mtoto alizaliwa saa ngapi, ili nyota zao zilinganishwe kabla ya kupanga siku. Cheti hakina saa. Mama yake Neema, binti yangu Yustina, alifariki mtoto akiwa na miaka mitatu. Aliyebaki anayejua ni mimi. Saa kumi kasoro dakika kumi, alasiri. Mvua. Nilimpokea kwa mikono hii, nikatazama saa ya ukutani.

Nikamwambia Kusum ngoja nitafute karatasi. Uongo wa kwanza. Nikachukua kishikwambi cha Neema, nikapata ukurasa wa nyota za Kihindi, nikaingiza saa ya kweli. Sayari ya Mirihi imekaa vibaya. Mwanamke wa Mirihi hiyo, kwa imani yao, humfupishia mumewe maisha. Nikajaribu saa tisa. Mbaya. Saa nane. Safi. Nikampigia: saa nane kamili mchana. Alifurahi sana. Akasema sasa anaweza kulala.

Nimetafuta jibu kwanza, kisha nikatunga swali. Mwanafunzi wangu angefanya hivyo ningempa sifuri.

Siamini nyota. Mimi ni Mlutheri. Ndivyo nilivyojiambia.

Ijumaa, 17 Oktoba

Marisel amesikia kwamba Nikhil huja kwetu hapa Garland kila Jumapili kwa gari kutoka Houston. Akatikisa kichwa. Kwao wachumba waliokaribia harusi hawasafiri; ajali huwatafuta. Wala bibi arusi hajaribu gauni. Neema amelijaribu mara tatu. Marisel mwenyewe akitoka msibani haendi nyumbani moja kwa moja. Hupitia dukani kwanza, marehemu asije akamfuata mlangoni. Nilimuuliza kama anaamini kweli. Akasema hajui, ila duka liko njiani.

Nimempigia Nikhil asije Jumapili. Sikuwa na sababu ya kumpa. Akacheka, akasema bibi yake ameshanikaangia sambusa.

Jumapili, 19 Oktoba

Saa sita. Hajafika. Saa nane. Hajafika. Neema anasema foleni.

Saa tisa simu. Lori lilimgonga ubavuni kwenye barabara kuu, gari likapinduka. Yuko hai. Mfupa wa mtulinga, begani, umevunjika na mbavu mbili. Neema ameondoka na ndala za ndani.

Chakula kiko mezani. Nimekaa nacho. Siwezi kuandika zaidi.

Jumanne, 21 Oktoba

Nikhil ametolewa hospitali. Yuko kwa baba yake mdogo, Richardson. Kusum amekuja kumuuguza. Wiki hii ni Diwali yao na hakuwasha taa hata moja. Neema anasema hali chakula, anakunywa maziwa tu. Siku ya harusi aliichagua yeye, kwa hiyo anadhani alikosea, kwamba amemletea mtoto balaa. Ana miaka themanini na moja. Anafunga kula kwa kosa langu.

Nimemwambia Neema yote, jikoni, wakati anaosha vyombo. Akafunga bomba. Akanijibu kwa Kiingereza, kama anavyofanya akikasirika: Nikhil hajali nyota, hajawahi kujali. Nikasema bibi yake anajali.

"Basi nyamaza, Bibi," akasema, sasa kwa Kiswahili. "Nikhil amepona. Ukisema watavunja uchumba."

Anaweza kuwa sahihi. Naogopa.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimesema.

Neema alinipeleka mwenyewe. Njia nzima redio imezimwa. Kusum alikuwa sebuleni, amekonda, shali mabegani. Alinikaribisha kiti kizuri. Hilo liliniumiza.

"Kusum, saa niliyokupa si ya kweli."

Hakushtuka. Alitafuta miwani yake.

"Ya kweli ipi?"

"Saa kumi kasoro dakika kumi. Alasiri."

Akaandika nyuma ya bahasha. Polepole, kila tarakimu.

"Ulisahau, au ulidanganya?"

"Nilidanganya. Nilitazama kwanza, nikaona Mirihi."

Akaikunja bahasha. "Sisi wawili mguu mmoja uko kaburini, Mwalimu. Na bado unadanganya?"

Akainuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Chai yangu ilipoa. Nikhil, mkono umefungwa kifuani, alitusindikiza hadi kwenye gari bila kujua lolote. Akaniambia niende polepole, kuna ngazi.

Jumapili, 26 Oktoba

Kimya. Simu hailii. Mama yake Nikhil amemuuliza Neema wazee wamegombania nini. Neema alisema hajui. Sasa na yeye anadanganya, nimemfundisha.

Gauni lilikuwa limening'inia mlangoni pake. Leo limeingia kabatini. Ananipa dawa, anaondoka. Kanisani sikwenda. Nikifa wiki hii nitakuwa nimemwachia mtoto huyu nini? Nilimlea ili asikose. Nimemkosesha.

Jumanne, 28 Oktoba

Saa nne asubuhi gari la Kusum limeingia. Majani mapana yametoka dirishani, yamechanika kwa upepo. Mgomba. Mzima, kwenye ndoo nyeusi ya dukani. Nyuma yake kuhani wao, kijana mwenye miwani na koti la kazini.

Kusum hakunisalimu kwanza. Alisema, "Ungeniambia mwezi wa pili, ningeuleta mwezi wa pili."

Kumbe dawa ipo, ya tangu zamani. Msichana wa Mirihi huozwa kwanza mgomba. Balaa la mume linaangukia hapo. Mgomba unakatwa, msichana anakuwa mjane wake, yuko safi kuolewa. Hakuna aliyehitaji uongo wangu. Nimebeba miezi minane mzigo ambao ulikuwa na dawa ya kununua dukani.

Neema aliuliza kama ni mzaha.

"Mume huyu haji na mama mkwe, mjukuu wangu," Kusum akamwambia. "Mfaidi."

Neema akacheka. Sikuwa nimesikia sauti hiyo tangu ajali. Kisha akanigeukia: si dhambi? Nikamwambia kitovu chake kilifukiwa shinani mwa mgomba, Bukoba, na mchungaji alikuwepo, akanywa chai. Akafikiri. Akasema atafanya kwa ajili ya Bibi Kusum, si kwa ajili ya nyota.

Uani, mbele ya uzio. Uzi mwekundu kutoka kifundo cha mkono wake hadi kwenye shina. Maneno, mchele, maua. Robo saa. Kusum akaukata mgomba mwenyewe kwa kisu chetu cha jikoni, mara nne, anahema. Nilitazama pembeni. Kwetu mgomba haukatwi kabla haujazaa.

Kisha akakaa mezani, akala wali na maharage. Akaomba tena. Harusi iko palepale. Aliponiaga aliniita dada.

Jumatano, 29 Oktoba

Asubuhi, kabla gari la kliniki halijaja, nilitoka uani na fimbo yangu. Baridi kidogo. Kisiki kimebaki ndooni. Katikati yake moyo wa jani jipya umechomoza, urefu wa kidole, kijani hafifu, umejisokota. Nimezaliwa migombani na nilikuwa nimesahau. Ukiukata leo, kesho unapanda.

Mume wa kwanza hajafa.

Nilisimama pale. Hakuna mwingine aliyeuona. Neema yuko kazini.

Nikampigia Kusum. Nikamwambia ulivyo, na urefu wake. Akauliza udongo ukoje. Nikasema mkavu.

"Basi upe maji, dada."

Nimeupa. Kikombe kimoja. Zaidi ya hapo mkono hauinui.