Mdhamini wa Trekta

Jumanne. Mvua tangu alfajiri, na mtaa wetu wa Namuwongo wote ni matope.

Nimerudi nyumbani viatu mkononi na fomu ndani ya shati, isilowe. Ni fomu ya trekta. Imebaki nafasi moja tu ya kujaza, na nafasi hiyo imeniharibia siku nzima.

Nieleze vizuri. Nimestaafu upolisi, kiinua mgongo kimetoka, na shamba la marehemu baba kule Lira limejaa majani. Trekta ndilo tegemeo langu la uzeeni: nilime langu, niwalimie na wengine kwa malipo. Dukani njia ni mbili. Nikilipa taslimu, bei inashuka kidogo, lakini sibaki na kitu cha dizeli wala cha spea. Nikilipa kwa awamu, miaka miwili, hakuna riba, na akiba inabaki kunisitiri msimu ukiharibika. Mtu mwenye akili zake angechukua awamu. Na mimi nilishaamua hivyo tangu juzi.

Leo dada wa mauzo akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. “Hapa, ssebo, jina ya mdhamini. Si ndugu. Mtu wa hapa Kampala anakujua vizuri.”

Nimekaa jiji hili miaka thelathini.

Nilisimama kwenye baraza la duka nikaanza kushuka na majina yaliyomo kwenye simu. Fundi bomba. Ofisi ya pensheni. Marehemu wawili ambao sijawahi kuwafuta. Okot, tuliyekaa naye kambi ya polisi ya Naguru miaka tisa: nilipopiga akapokea mwanamke, akasema hiyo namba ni yake sasa, na Okot hamjui. Nikamwomba radhi. Nilibaki nimeishika simu sikioni hata baada ya yeye kukata.

Marehemu mke wangu ndiye aliyekuwa na marafiki. Mimi nilikuwa naitikia salamu tu. Miaka sita iliyopita, baada ya kumzika, nilihama kambini nikaja kupanga hapa, na tangu hapo hata salamu zimepungua. Naona aibu kuliandika hili, ila nikinyamaza litanikaba.

Jioni nikabisha hodi kwa Mama Neema, jirani yangu, Mkongomani anayeuza vitenge. Ilikuwa mara ya kwanza kugusa mlango wake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaishika fomu, kisha akauliza, “Baba, jina yako ni nani?”

Nikamtajia.

Akacheka kidogo, bila ubaya. “Miaka sita tuko ukuta moja, leo ndiyo nasikia jina. Sasa nitaweka mukono juu ya mutu siyui? Hapana, baba, unisamehe.” Akanirudishia fomu. Nilikuwa nimeshageuka aliponiita. “Ngoja. Usiende na njaa.” Akanipa sahani ya sombe, kisamvu cha kwao, na samaki, kaifunika vizuri.

Hana kosa. Ningekuwa yeye, ningekataa pia.

Kwa hiyo kesho nalipa taslimu. Ukilipa taslimu, hakuna anayekuuliza unajulikana na nani. Nitaingia Lira na trekta jipya na mifuko mitupu, nikimwomba Mungu lisije likaharibika kabla sijapata mteja wa kwanza. Naogopa. Nisijifanye shujaa hapa.

Lakini kabla ya duka kuna hii sahani. Nimeiosha, iko mezani, na kila nikiinua macho naiona. Kwetu sahani ya watu hairudi tupu, na nadhani hata kwao ni hivyo.

Nilipohamia hapa nilimtazama Mama Neema kwa macho ya kazi, macho ya polisi, na sikuwahi kuacha. Najua anafungua mlango saa kumi na moja na nusu alfajiri. Najua Jumapili anaenda kanisani na mwavuli wa bluu hata jua likiwaka. Wageni wake ni wawili, mmoja anachechemea mguu wa kushoto. Ningeweza kuandika ripoti ya kurasa mbili juu yake bila kuinua kalamu.

Sasa nimwekee nini kwenye sahani? Huyu mama anapenda nini?