Kiini Kilipokata Roho

Rosario, 14 Juni 2011

Kaka yangu Lisandro,

Natumaini karatasi hii inakukuta ukiwa na afya njema, wewe, wifi yangu Begoña na wanangu Íker na Maite. Sisi huku tunapumua. Baridi imeanza mapema. Mama anasumbuliwa na magoti, lakini ulimi wake haujapata ugonjwa wowote. Jana kamfukuza muuza mkate mlangoni kwa sababu kamletea mkate wa juzi. Kila Jumapili tukikaa kula tambi anauliza kama umepiga. Namjibu kwamba kwenu Zaragoza kazi ni nyingi.

Wewe unajua kwa nini naandika badala ya kupiga. Tangu simu ile ya mwezi Aprili hupokei. Barua huwezi kuikata katikati. Nivumilie nikirudia mambo unayoyajua, maana nikiruka hatua moja nitatetereka, na safari hii sitaki kutetereka.

Kiini cha mfumo wetu wa kompyuta ulikiandika wewe, peke yako, kwenye meza ile ya jikoni kwa Mama. Sisi wengine kwenye ushirika tuliandika programu za juu yake, lakini chini kabisa, pale panapoamuliwa nani asome joto, nani ahesabu muda, nani awashe moto na nani auzime, palikuwa pako. Tulikiweka kwenye vidhibiti vya mashine za kukaushia mahindi jimbo zima, na nilikuwa nikipita barabarani nikiona minara ya nafaka nasema moyoni, hapo ndani yumo kaka yangu.

Kisha ukaja msimu wa 2006. Kule Colonia Bremer kidhibiti kiliganda. Namba ya joto ikabaki pale pale kwenye kioo, moto chini ukaendelea kuwaka, na mahindi yakashika moto. Wilmar Sosa, mfanyakazi wa pale, alipanda juu kufungua mlango ili nafaka imwagike chini. Hakushuka mwenyewe, alishushwa. Mbele ya wachunguzi ulisema kiini chako hakijawahi kuanguka hata siku moja, kwamba umeme ulikipiga kidhibiti kwa sababu waya wa ardhini haukukazwa. Aliyeufunga waya huo ni Rubén Kalbermatten, fundi umeme wetu, aliyekula nyama choma kwetu kila sikukuu. Hakuna aliyeweza kukubishia. Umeme ulipokatwa, kila kilichokuwa kwenye kumbukumbu ya kidhibiti kilifutika. Rubén akanyang'anywa leseni, wewe ukapata kazi Uhispania. Mimi nilikuamini bila kuuliza.

Utakumbuka kwamba kabla ya hapo niliwahi kukuomba tukiongezee kiini uwezo wa kumwaga, yaani kikikata roho kiandike kwenye diski kila kilichokuwa kichwani mwake, ili anayekuja baadaye asome kilichokiua. Ulicheka hadi mate yakakupalia. Ukaniambia, "Kiini changu hakifi, mdogo wangu. Ya nini kumshonea sanda mtu mzima wa afya?"

Basi ulipoondoka mashine zikaanza kuganda tena, mara huku, mara kule. Bahati nzuri, baada ya ule moto wakulima walikuwa wamejiwekea valvu ya kufunga gesi kwa mkono. Mwaka juzi Octavio, mwenyekiti wetu, alikuja mezani kwangu na kibuyu chake cha chai ya mate akasema, "Noemí, wakulima wananitukania hadi bibi yangu aliyekufa. Hizi mashine zinakufa kimya kimya. Zifundishe kusema." Nikakubali, na nikukiri kitu: nilikubali kwa ajili yako. Nilitaka nipate ushahidi kwamba ni umeme, yale maneno ya pembeni kuhusu kiini chako yakome.

Kazi ile ilinila. Kiini kinachoanguka hakiaminiki. Huwezi kukiomba nafasi ya kumbukumbu, kwa sababu huenda hapo ndipo kilipoumia. Huwezi kupita njia ya kawaida ya kwenda kwenye diski, kwa sababu njia hiyo hulala usingizi ikisubiri diski iiamshe, na saa hiyo hakuna anayemwamsha mwenzake. Ilibidi niandike njia nyingine, fupi na ya kimaskini, isiyotegemea chochote, inayoiuliza diski kila mara umemaliza, umemaliza, mpaka imalize. Ilibidi nitenge mapema sehemu ya diski isiyoguswa na mtu. Na kwa kuwa mashine zetu zilikuwa zinaganda tu bila kuanguka, niliweka mlinzi pembeni, kifaa kidogo cha kukichunga kiini: kiini kikinyamaza kupita kiasi, mlinzi anakiangusha kwa nguvu, ndipo kimwage. Jaribio la kwanza lilimwaga juu ya programu zenyewe na mashine haikuwaka tena. Octavio akasema nimevumbua mashine inayokufa mara mbili. Kila asubuhi akipita alikuwa ananiuliza, "Vipi mama mazishi, jeneza limetosha?"

Likatosha. Nilikiacha kiini chako kama kilivyo, nikaongeza kumwaga tu, tukakipeleka kwa wateja watatu. Mwezi Aprili, katikati ya mavuno, malori yakiwa yamepanga foleni hadi barabara kuu, kidhibiti cha huko San Telésforo kiliganda. Nyaya za pale zilikuwa zimekaguliwa na wahandisi wa bima wiki hiyo hiyo. Hakukuwa na radi, umeme ulikuwa umetulia. Mlinzi akakiangusha kiini, kiini kikamwaga, mashine ikajiwasha yenyewe, na faili lilikuwa pale likinisubiri.

Nililifungua saa za mchana, watu wote wamelala usingizi wa baada ya chakula. Nilisoma kila kazi ilikuwa imesimama wapi. Kazi ya kuhesabu muda ilikuwa imeshika kufuli lake, inasubiri kufuli la kipimajoto. Kipimajoto kilikuwa kimeshika lake, kinasubiri la muda. Kama watu wawili waliokutana mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake pita wewe kwanza, na nyumba inaungua nyuma yao. Wa kuzima moto alikuwa kwenye foleni nyuma ya hao wawili. Mwandiko ulikuwa wako, Lisandro. Hakuna mwingine aliyewahi kugusa mistari ile.

Hata hapo nilikutetea. Nilijiambia, ni kosa, kila mtu hukosea, hakujua. Nikakupigia. Na nilichokwambia nakikumbuka neno kwa neno, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa nisikuumize. Nilisema, "Kaka, kiini kimemwaga, na haikuwa umeme." Basi. Sikutaja kitu kingine. Nikasikia televisheni yenu, kisha ukauliza kwa sauti ya chini, "Ni muda na kipimajoto?"

Nikakuuliza umejuaje. Ukasema, "Noemí, nilikuwa na watoto wadogo." Ukakata.

Kwa hiyo ulijua. Ulisimama mbele ya wale wachunguzi ukijua, au uliligundua siku chache baadaye ukalimeza. Sijui, na wewe hutaki kuniambia. Uliniambia hakuna haja ya sanda, kumbe maiti ilikuwa ndani.

Nilikwenda Esperanza kwa Rubén. Siku hizi anaosha malori kwenye kituo cha mafuta. Mkewe Mirta alinikaribisha chai ya mate bila kunitazama usoni. Nikasema, "Don Rubén, haikuwa waya wako." Nilitegemea atalia, au atanitukana, na nilikuwa tayari kwa yote mawili. Alibaki anapangusa meza ambayo haikuwa na uchafu. Akaniambia kwamba kila mwaka huenda kwa Etelvina, mjane wa Wilmar, kumwomba msamaha. Mwanzoni alikuwa anakana, anaapa kwamba alikaza. Lakini watu wote walivyosema, na wewe msomi ulivyosema, taratibu akaanza kuikumbuka ile skrubu ya waya. "Naikumbuka, binti," alisema. "Naisikia kwa mkono huu ikizunguka bure, na mimi naiacha naondoka. Sasa unaniambia haikutokea. Nifanye nini nayo?"

Mirta alitoka nje. Nikaaga, Lisandro. Swali lake nimelibeba njia nzima ya kurudi, na sasa nakupa wewe.

Octavio aliniomba ningoje msimu uishe ndipo niseme, kwa sababu ushirika utafungwa na watu wana familia. Nilimwelewa, na nilikataa. Tulizima vidhibiti vyote nikaweka kiini kilichorekebishwa. Marekebisho yalinichukua asubuhi moja. Ni mistari miwili niliyoibadilishia nafasi. Wilmar naye alikuwa na watoto wadogo.

Jumatatu ya wiki iliyopita nililipeleka faili kwa mwendesha mashtaka na kuweka sahihi ya jina langu, ambalo ni jina lako pia. Etelvina nilimweleza mimi mwenyewe, jikoni kwake, amesimama. Ushirika tumeufunga Ijumaa. Utaitwa, na safari hii hutaulizwa habari za waya.

Mama hajui. Nimemwambia Jumapili utapiga na kwamba una jambo la kumweleza. Usiniachie mimi niliseme.

Nisalimie sana Begoña, wala usimfiche barua hii. Íker na Maite wabusu kwa niaba ya shangazi yao. Wao hawana deni na mtu. Jirani zetu wa kina Ferrucci wanakusalimu, wanadhani mambo yako ni mazuri.

Ni mimi dada yako,

Noemí Zabala