Miayo Isiyoambukiza

Jumanne, Kisauni. Stima imepotea tangu adhuhuri, feni imelala, nami natoka jasho kama mtungi mpya.

Nimo ndani tena na binti yangu Zuhura. Mamake yuko kazini hadi magharibi, mlango umetiwa kufuli, na ufunguo umening'inia shingoni mwangu kama hirizi. Tangu mtoto alipotuchopoka siku ile akaenda kusimama katikati ya barabara ya Malindi, hatujaona njia nyingine. Zuhura ana usonji, ana miaka kumi na miwili, na mbio zake babake haziwezi.

Kwa hivyo tumefungwa sote. Yeye huzunguka chumba, mimi huzunguka simu.

Humo simuni ndimo nilimosoma habari za neva za kioo. Eti kichwani mna chembe zinazoamka ukishika kikombe, na huamka vilevile ukimwona mwenzio akikishika. Wataalamu wengine walidhani kwa wenye usonji chembe hizo husinzia. Wengine wakasema la, mambo si mepesi hivyo. Mimi, fundi cherehani, nikaona niwaamue.

Kwa miayo. Miayo huambukiza, nani asiyejua? Wiki nzima, kila alasiri, nimekaa mbele yake nikipiga miayo hadi taya zikalia. Yeye atazama feni.

Leo mdogo wangu Mwanaisha kaja kututazama, nikamfungulia hali nimeachama.

"Kaka, ni njaa hiyo ama umepandwa na pepo?"

Nikamweleza. Akacheka, kisha akamtazama Zuhura. "Wajichosha bure, kakangu. Kwa mtoto huyu, wewe na ukuta huo ni mamoja."

Hakusema kwa ubaya. Lakini limenikaa, maana ndilo ninaloliogopa mwenyewe.

Nikamfungulia akaenda zake, nikafunga, nikapapasa kifua kuona kama ufunguo upo. Ndiyo ada yangu. Nikageuka.

Zuhura alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasogea, akaitikisa kufuli. Kisha, taratibu, akapapasa kifua chake, mahali pasipo na kitu.

Nikapapasa changu.

Akapapasa chake.

Wallahi nilitaka kucheka. Miayo yote ile, na tabasamu nilizomtandazia kama vitambaa vya sikukuu, hakuchukua hata moja. Kachukua ada ya bawabu wa jela.

Basi ananiona. Tangu lini? Na siku zote hizi ameniona nikifanya nini?

Kesho, inshallah, jua likipoa, nitafungua. Tutatoka mkono kwa mkono hadi mwisho wa kichochoro, na ufunguo atauvaa yeye.